Aya ni ya nani, na maoni ni ya nani?

Mhariri,

"Jisaidie nami nitakusaidia." Sentensi hii haichoki kuchapishwa ikiwa imetanguliwa na "Biblia inasema". Anza Mwanzo, maliza Ufunuo, hutaiona. Wazo lenyewe ni kongwe: limo katika hekaya zinazohusishwa na Esopo wa Ugiriki, na Benjamin Franklin aliliandika katika kalenda yake ya mwaka 1736. Ni msemo mzuri tu, ila si aya. Pacha wake upande wa Waislamu ni "Tafuteni elimu hata China", unaonukuliwa kuwa ni hadithi ya Mtume. Ibn al-Jauzi, mwanachuoni wa Baghdad aliyefariki mwaka 1201, aliutia katika mkusanyo wake wa hadithi za kuzuliwa. Miaka zaidi ya mia nane imepita na bado unaandikwa kana kwamba hakusema kitu.

Siandiki kuomba barua za dini zipunguzwe katika ukurasa wenu. Ziongezwe, tena za watu wa kawaida, si za mashehe na wachungaji peke yao. Ninacholalamikia ni kwamba barua nyingi hazimwonyeshi msomaji maneno ya kitabu yanaishia wapi na ya mwandishi yanaanzia wapi. Vyote vinamwagwa katika chungu kimoja, na anayethubutu kubishana na rai ya mwandishi anajikuta anaonekana kubishana na Mungu.

Barua ya dini huwa na tabaka tatu. La kwanza ni andiko lenyewe. La pili ni jinsi andiko hilo linavyofasiriwa na kanisa, madhehebu au wanavyuoni fulani. La tatu ni rai ya mwandishi. Hakuna ubaya wowote kuwa na la tatu; ubaya ni kulivika kanzu ya la kwanza. Na wala si adabu ngeni. Someni Wakorintho wa Kwanza sura ya 7. Paulo anazungumzia ndoa, na katika mstari wa 10 anasema agizo lile si lake ila la Bwana. Mstari wa 12 anageuka na kusema sasa anasema yeye, wala si Bwana. Mstari wa 25 anakiri kwamba juu ya wanawali "sina amri ya Bwana", anachotoa ni shauri lake. Mtume mzima anaweka mpaka kati ya amri na ushauri ndani ya sura moja, halafu sisi tunaoandika juu ya harusi na mahari tunashindwa.

Upande wa Waislamu, Sahihi Muslim, mkusanyo wa hadithi za Mtume, imepokea kisa cha watu wa Madina waliokuwa wakichavusha mitende kwa mkono. Mtume akasema hadhani kama jambo lile linafaa kitu. Wakaliacha, na mazao yakawa mabaya. Habari ilipomfikia alibainisha kwamba ile ilikuwa dhana yake, na kwamba wao wanayajua zaidi mambo ya dunia yao. Ndiyo maana mwanachuoni anayejiheshimu hufunga fatuwa yake kwa "Wallahu aalam", yaani Mungu ndiye ajuaye zaidi. Maneno hayo si pambo la mwisho wa barua. Yanakiri kwamba jibu limepita katika akili ya binadamu.

Sasa kunukuu. Andikeni jina la kitabu, sura, mstari na tafsiri iliyotumika. Watu huona tafsiri ni jambo dogo, kumbe ndipo mabishano mengi yanapozaliwa. Kurani ina tafsiri kadhaa za Kiswahili: ya Godfrey Dale, padri wa Kianglikana, ya mwaka 1923, ya Sheikh Mubarak Ahmad wa jumuiya ya Ahmadiyya ya mwaka 1953, ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy iliyokamilika mwaka 1969, na ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani ya miaka ya 1990. Waliozitoa hawakuwa na imani moja wala lengo moja, na maelezo yao ya chini ya ukurasa yanaonyesha hivyo waziwazi. Anayenukuu tanbihi ya mfasiri na kuiita "Kurani inasema" amempandisha mfasiri cheo asichokiomba. Vivyo hivyo maneno yaliyo ndani ya mabano: mfasiri ameyaongeza ili Kiswahili kikae sawa. Ukinakili aya, nakili na mabano yake.

Kwa Wakristo, Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 na Biblia Habari Njema zinapishana maneno kwa sababu ya kwanza inafuata zaidi umbo la lugha za asili na ya pili inafuata zaidi maana. Tena kuna suala la namba. Ukiandika "Amri ya sita", Mkatoliki na Mlutheri wanasoma "Usizini", kwa sababu wanaziunganisha amri za mwanzo na kuigawa ya mwisho mara mbili. Mwanglikana na Msabato wanasoma "Usiue". Barua nzima juu ya uzinzi inaweza kusomwa na nusu ya wasomaji kuwa ni barua juu ya mauaji! Andika amri yenyewe, au andika Kutoka 20 na namba ya mstari. Zaburi nazo: hesabu ya zamani ya Kigiriki na Kilatini inazisoma ya 9 na ya 10 kuwa zaburi moja, kwa hiyo "Bwana ndiye mchungaji wangu", ambayo wengi wanaijua kuwa ni ya 23, katika vitabu vinavyofuata hesabu hiyo ni ya 22. Anayeona namba tofauti asikimbilie kusema mwandishi kakosea.

Namba za mistari zenyewe hazikuja na andiko. Sura za Biblia tunazotumia zinahusishwa na Stephen Langton, mwanzoni mwa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya iliwekwa na Robert Estienne, mpiga chapa, mwaka 1551. Zilikuwa alama za kutafutia mahali. Mstari unaweza kukatika katikati ya sentensi, na mwenye haraka akaondoka na nusu ya neno.

Na Waislamu wanaujua mfano ulio mkali kuliko wote. Sura ya 107, Al-Maun, aya ya 4 inasema: "Basi, ole wao wanaosali". Ukikomea hapo, umewalaani wote wanaoswali. Aya ya 5 ndiyo inayosema ni akina nani hasa: wanaozipuuza sala zao. Zaburi 14:1 nayo ina maneno "Hakuna Mungu", ila msemaji wake ametajwa kabla, naye ni mpumbavu.

Hiyo ni mikato ya wazi, inachekesha na haidanganyi mtu. Inayodanganya ni ile ya taratibu. Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", huandikwa kwa watahiniwa, wafanyabiashara na wagombea. Rudi mstari mmoja nyuma: Paulo anasema amejifunza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. "Mambo yote" anayoyaweza ni pamoja na kukosa. Mwandishi ana haki ya kuutumia mstari huo kumtia moyo mtahiniwa, mradi asiseme kwamba Paulo aliahidi kufaulu. Yeremia 29:11 ndiyo hivyo hivyo: mawazo ya amani ambayo Mungu anawawazia watu wake yameandikwa katika barua kwa waliochukuliwa uhamishoni Babeli, na mstari wa 10 unawaambia wangoje miaka 70. Wengi waliosikia barua hiyo mara ya kwanza wangekufa kabla haijatimia.

Lakini mfano ambao ningeubandika mlangoni kwa dawati la barua ni Ayubu 8:7, ule wa mwanzo mdogo na mwisho utakaoongezeka sana. Uko kwenye kadi za harusi, kwenye mabango ya maduka mapya na kwenye barua za pongezi, karibu kila mara ukiitwa ahadi ya Mungu. Msemaji si Mungu. Ni Bildadi, rafiki wa Ayubu, anayemwambia mtu aliyefiwa na watoto kwamba huenda watoto wale walistahili. Na katika 42:7 Mungu anasema hasira yake inawaka juu ya Elifazi na rafiki zake wawili kwa sababu hawakunena yaliyo sawa. Bildadi ni mmoja wa hao wawili. Kwa hiyo kabla ya kunukuu, jibu maswali matatu: nani anasema, anamwambia nani, na kimetokea nini kabla. Soma kuanzia mwanzo wa habari, si mwanzo wa mstari. Kwa kawaida mistari kumi juu na kumi chini inatosha, isipokuwa kwa Ayubu, ambapo lazima ujue hotuba ni ya nani. Mwenye itifaki ya Biblia, yaani kitabu cha kutafutia maneno yake yalipo, anaweza kuhakiki neno kwa dakika tano. Neno lisipopatikana katika itifaki, jaribu tafsiri nyingine. Likikosekana na huko, usiandike "Biblia inasema". Andika "wahenga walisema" na mambo yataishia hapo.

Hadithi za Mtume zina kazi zaidi. "Amesema Mtume" peke yake haitoshi. Taja mkusanyo: Bukhari, Muslim, Abu Dawud, Tirmidhi, Nasai, Ibn Majah au mwingine. Taja pia jina la mlango, maana namba za hadithi hubadilika kulingana na chapa, na namba uliyoichukua kwenye chapa moja inaweza kumpeleka msomaji kwenye hadithi ya jambo jingine kabisa. Kisha taja daraja: sahihi, hasan (nzuri, chini kidogo ya sahihi), dhaifu, au maudhui, yaani ya kuzuliwa. Kwa zilizo ndani ya Bukhari na Muslim jina la mkusanyo linatosheleza kwa barua ya gazeti. Kwa nyingine, daraja ni lazima. Na maneno yawe yale yale. "Usafi ni sehemu ya imani" unaandikwa kila penye kampeni ya usafi, lakini lafudhi iliyo katika Sahihi Muslim inasema twahara ni nusu ya imani. Tofauti inaonekana ndogo mpaka ujue kwamba twahara ina maana yake katika ibada, si kufagia tu.

Tabaka la pili, la ufasiri, linahitaji jina. "Kanisa linasema" ni kanisa lipi? Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri wanabatiza watoto wachanga. Wabaptisti, Wasabato na Wapentekoste walio wengi hawabatizi. "Uislamu unasema" kwa madhehebu gani? Mshafii husoma kunuti, dua ya kusimama, katika sala ya alfajiri kila siku. Mhanafi huisoma kwenye witri, sala ya usiku. Mwandishi akisema "sisi Washafii" au "katika kanisa letu", hamkosei mtu. Akiandika juu ya imani isiyo yake, akanukuu vitabu vya wapinzani wa imani hiyo, tayari amepotea. Aandike kile ambacho mwenye imani hiyo angekisoma na kusema, "Naam, ndivyo tunavyoamini", hapo ndipo aanze kupinga.

Nichukue sentensi moja na kuifungua, maana maelezo ya juujuu hayatoshi. "Dini imekataza mikopo." Sentensi hii huja katika barua za maisha ya kila siku, na ina makosa manne katika maneno matatu. Dini ipi? Mkopo au riba? Imekatazwa kukopa au kukopesha? Na wapi? Kurani 2:275 inaharamisha riba na kuhalalisha biashara. Lakini aya ndefu kuliko zote katika Kurani, 2:282, kazi yake ni kuelekeza namna ya kuandika deni: liwe na muda maalumu, liandikwe, wawepo mashahidi. Kitabu kilichokataza kukopeshana kisingetumia aya yake ndefu kuliko zote kuweka utaratibu wa kukopeshana. Katika Biblia, Kumbukumbu la Torati 23:19-20 inakataza kumtoza riba ndugu na kuruhusu kumtoza mgeni, na Luka 6:35 inasema kopesheni bila kutumaini malipo. Sasa sentensi ile ingeandikwa hivi: "Kurani 2:275 inaharamisha riba. Wanavyuoni walio wengi wanaiingiza riba ya benki katika katazo hilo. Kwa rai yangu, kijana anayeanza kazi akope kwa jamaa, kwa maandishi na mashahidi kama 2:282 inavyoelekeza, kabla ya kwenda benki." Tabaka zote tatu zimo, kila moja na mpaka wake. Sasa naweza kuikataa rai yake bila kugusa aya.

Kwenye afya ningeomba dawati lenu liwe kali kupita kawaida. Ushuhuda unaweza kusema "niliomba, nikapona". Hayo ni ya mtu na Mola wake. Hauwezi kusema "acheni dawa". Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6. Mgonjwa hujisikia mzima mapema kuliko hapo, na akiacha katikati vijidudu vilivyobaki vinaweza kuwa sugu kwa dawa zile zile, kisha akawaambukiza wa nyumbani mwake vijidudu hivyo sugu. Barua moja yenye ushuhuda mtamu yaweza kumfikia mtu aliye katika mwezi wake wa pili. Hali ni hiyo kwa mwenye kisukari anayetaka kufunga: Kurani 2:184 inamruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine, na kiasi cha dawa kinarekebishwa na daktari kabla ya mwezi kuandama, si na mwandishi wa barua. Barua ya namna hii ipitiwe na mtu wa tiba kabla ya kuchapishwa, au kipande hicho kiondolewe.

Kuhusu kuwataja watu: "kwa maoni yangu" si kinga. Kusema mahubiri ya fulani hayakumgusa mtu ni maoni. Kusema fulani amekula sadaka ni madai ya tendo, yanahitaji ushahidi, na mbele ya mahakama gazeti lililochapisha laweza kuwajibishwa pamoja na aliyeandika.

Ufundi wa barua yenyewe ni mfupi. Taja kichwa na tarehe ya makala unayoijibu. Hoja moja, maneno 200 hadi 300, hoja kuu katika aya ya kwanza, kwa sababu mhariri mwenye nafasi finyu huanza kukata kutoka chini, na mwandishi aliyeweka hoja yake mwishoni huona barua yake imechapishwa bila kichwa wala miguu. (Barua hii imevunja sharti hilo mara kadhaa. Ikateni, ila muiachie Bildadi.) Jina kamili na namba ya simu viende kwa mhariri hata kama mwandishi anataka jina la kupanga gazetini, mtu aliyebadili dini au mwenye mgogoro wa ndoa anaweza kuwa na sababu nzito ya kujificha kwa wasomaji, lakini hana sababu ya kujificha kwa mhariri.

Kwa wasomaji wanaozipiga picha barua na kuzirusha kwenye simu: pigeni ukurasa mzima, pamoja na jina la gazeti na tarehe. Kipande kilichokatwa kinapoteza kwanza jina la mwandishi, kisha neno "maoni" lililokuwa juu ya ukurasa, na baada ya mikono mitatu kinasomwa kama habari au kama fatuwa. Aongezaye neno lake aliandike mbali na picha, asilitie ndani. Ukigundua kosa, kufuta kwenye simu yako hakusaidii waliokwisha pokea. Peleka sahihisho kwa watu wale wale, kwa njia ile ile.

Nanyi, Mhariri, sahihisho lichapwe katika ukurasa wa maoni, si chini ya matangazo ya vifo, na lisilirudie kosa kwa herufi kubwa. Mistari mitatu inatosha. Kwa mfano: "Katika barua ya tarehe fulani, maneno ya Ayubu 8:7 yalitajwa kuwa ahadi ya Mungu. Msemaji wake ni Bildadi Mshuhi. Rai nyingine za mwandishi zinabaki kuwa zake."

Wasalaam,
Msomaji wenu